Mkaa Chini ya Jiwe

Ninyi mnaoanza kazi ya kupima ardhi siku hizi mnafika kiwanjani na mashine inayozungumza na satelaiti. Mnaisimamisha, inalia kidogo, mnaandika namba, na kabla jua halijawa kali mmeshaondoka. Siwaonei wivu. Au tuseme ninawaonea kidogo tu, kwa sababu ya magoti. Mimi nilikuwa mshika mnyororo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilivuta mnyororo wa chuma, na baadaye tepu, nikifyeka vichaka mbele ya darubini ya bwana mpima, kutoka Tabora mjini hadi Urambo, na upande wa pili hadi Igunga.

Juzi nilipita Chemchem nikawakuta wenzenu wanasimika jiwe la mpaka. Shimo fupi, zege, jiwe, kazi imekwisha. Nikawauliza, "Na mkaa je?" Wakatazamana. Mmoja akasema kwa heshima kabisa, "Mzee, leo hatuchomi mishikaki." Wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikaenda nyumbani, nikapakua chakula, nikashindwa kukila. Ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Sisi, kabla ya kusimika jiwe, tulimwaga mkaa chini yake. Unachimba shimo linalomeza mkono wako hadi kwapani. Unamwaga mkaa, viganja vitatu au vinne, unaufunika kwa udongo, unashindilia, ndipo jiwe linakaa juu. Mkaa hauozi. Mchwa hawautaki. Mtu anayehamisha mpaka huwa na haraka: anang'oa anachokiona, hakumbuki kuchimba asichokiona. Jiwe likihama, mkaa unabaki pale pale, mweusi ndani ya udongo mwekundu, na hata ikipita miaka ishirini, ukichimba utaukuta.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Mfaume, nyapara wa kikundi chetu, mtu wa Mtendeni, Mwislamu wa swala tano. Alikuwa mfupi, mwenye kofia aliyoishona mwenyewe. Alitufundisha kuvuta tepu asubuhi, kwa maana saa nane mchana chuma hurefuka, "kama mtu aliyeshiba akajilaza." Alitufundisha kuvuta kwa nguvu moja tangu mwanzo wa siku hadi mwisho, hata ukiwa umechoka, hata ukiwa na hasira na mkeo. Siku moja tulipokuwa tunapima kandokando ya njia ya zamani ya misafara, aliuinua mnyororo akaniambia:

"Melkiori, babu yangu aliingia Tabora kwa njia hii hii, shingo yake ndani ya mnyororo. Mimi mjukuu wake naushika mkononi, nauambia nyooka, unanyooka. Wewe unadhani Mungu hana mzaha?"

Nilikuwa bado kijana, na nilidhani Mungu hafanyi mzaha hata kidogo. Nilikuwa na sababu zangu.

Niliishia darasa la tano. Baba alifariki, na baada ya miezi michache mama akamfuata. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nyuma yangu alikuwa Deogratias mwenye miaka saba, na Anastazia ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni, na mgongo ukawa wangu. Tulikuwa na shamba la mihogo na karanga nje ya mji, limezungushiwa mkonge. Msimu wa kwanza baada ya matanga, baba mdogo aliuhamisha ule mkonge. Hakujificha. Aliung'oa mchana kweupe huku anaimba, akaupanda upya hatua ishirini ndani ya shamba letu.

Nilimfuata nikamwambia, "Baba mdogo, shikamoo. Mpaka wa baba ulikuwa kule."

"Marahaba," akasema bila kuinua kichwa. "Baba yako yuko wapi, aje aseme mwenyewe?"

Mama alikuwa ameacha Biblia isiyo na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimechanika zote hadi pale Isaka anapochimba visima, na wachungaji wa nchi ile wanamwambia maji ni yao. Kwa hiyo mimi nilijua ugomvi wa visima kabla sijasoma kwamba Mungu aliumba nuru. Nilisoma kwa kidole, silabi kwa silabi. Kitabu hicho ndicho kilichokuwa darasa langu la sita na la saba, na baadaye kikawa darasa la kwanza la Deo, maana nilimfundisha kusoma humo humo kabla hajaanza shule.

Katekista wa kijiji alinionyesha mahali katika Mithali panapokataza kuusogeza mpaka wa zamani na kuingia mashamba ya yatima, kwa kuwa yatima wanaye mtetezi, na mtetezi huyo ana nguvu. Akanionyesha na Torati, pale taifa zima linaposimama na laana inasomwa juu ya mtu anayeondoa mpaka wa jirani yake, na watu wote wanajibu Amina. Nilisema Amina kwa sauti. Niliisema nikiona uso wa baba mdogo, na ilikuwa tamu mdomoni. Utamu ule leo unanitia aibu.

Nikamsubiri huyo Mtetezi. Nilidhani atakuja na askari, au na radi. Misimu miwili ilipita. Shamba lilikuwa limebaki la kulisha watu wawili, nasi tulikuwa watatu. Mara nyingi niliwaambia wadogo zangu nimekula kwa rafiki.

Waliokuja ni wapimaji, kupima mahali pa kupitisha barabara. Nikapata kibarua cha kubeba fito zao nyekundu na nyeupe. Siku ya tatu nilimwona Mzee Mfaume akibishana na mtu mzito wa kijiji, mwenye ng'ombe wengi, aliyetaka mstari upinde kidogo umkwepe. Mzee Mfaume alikuwa mdogo mbele yake kama kuku. Akamwambia tu, "Bwana mkubwa, mstari haunijui mimi wala haukujui wewe." Mstari haukupinda.

Shamba letu halikurudi, nisiwadanganye. Lakini siku ile nilijua kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kusimama na kusema: mpaka uko hapa. Nikataka niwe mmoja wao. Nikamwomba Mzee Mfaume anichukue, akaniuliza, "Unajua kuhesabu?" Nikasema ndiyo. "Unajua kunyamaza?" Nikasema ndiyo. "Hilo la pili tutaliona," akasema.

Msidhani basi nilikuwa mtakatifu wa mipaka. Mwaka wangu wa pili tulipelekwa Igunga kugawa mashamba ya mpunga. Vigingi vilituishia. Badala ya kungoja gari lilete vingine, mimi nikakata miti mibichi, ile ile ambayo watu hupandia uzio, nikaichonga vizuri, nikaipigilia mistari miwili mizima. Bwana mpima akanisifu. Mvua zikanyesha. Tuliporudi, vigingi vyote vilikuwa vimechipua majani, vingine vina matawi. Mzee mmoja wa pale, Msukuma mwenye maneno, alinipokea njiani kwa salamu ya kwao.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, baba."

"Ndiye wewe uliyepanda mipaka?"

"Ndiyo, baba."

"Imeshika vizuri. Sasa tunauliza, ikizaa, nani atachuma?"

Tangu hapo, kila nikifika Igunga naulizwa habari za mavuno. Kosa la namna hiyo linakufuata maisha yote lakini halikuumizi. Liko jingine.

Lilipotokea hilo, mimi ndiye niliyekuwa nyapara. Mzee Mfaume alikuwa katika miezi yake ya mwisho kazini, tukimpa darubini tu abebe, kwa heshima. Tulikuwa tunapima viwanja pembezoni mwa mji, upande wa kwenda Ulyankulu. Kimoja kilikuwa cha fundi baiskeli aliyeitwa Baba Fidesi. Mkewe, Mama Fidesi, alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi. Mkatoliki mwenzangu, mtu wa maneno machache. Kwenye kona moja ya kiwanja chao mumewe alikuwa amechimba kisima kwa mikono yake, peke yake, miezi minne. Kwa maji yale mama alimwagilia bustani ya mchicha na nyanya, na hiyo bustani ndiyo iliyokuwa inaivisha chungu chao.

Tulisimika kona tatu na mkaa wake. Kabla ya kona ya nne, ile ya kisima, mvua ikashuka. Ilikuwa mvua ya baridi, tukakimbilia kwenye kibanda cha fundi tukitetemeka. Kijiko cha sukari kilikuwepo, majani yalikuwepo. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Mkaa mkavu ulikuwa mmoja tu, ule wa kwenye mfuko wangu.

Ndiyo. Tulichemsha chai kwa mkaa wa ushahidi. Mama Fidesi mwenyewe alituletea vikombe.

Mvua ilipokatika, mfuko ulikuwa mtupu na bwana mpima anatazama saa. Mzee Mfaume akaninong'oneza, "Nenda kanunue mwingine." Nikasema, "Mzee, kona moja tu." Tukasimika jiwe juu ya udongo mtupu.

Ningelinyamazia lile jambo, pengine lingekufa. Lakini Pasaka moja, tukiwa mezani kwangu, Anastazia amekuja na mchele kutoka Igunga, Deo yuko na mkewe na watoto, nilitaka kuwachekesha. Nikawasimulia yote: mkaa, chai, kona ya kisima. Tulicheka hadi machozi. Deo ndiye aliyecheka kuliko wote. Akasema, "Kwa hiyo ile kona haina shahidi!" Nikamjibu, "Shahidi tulimnywa."

Miaka ikaenda. Baba Fidesi akafariki. Deo, ambaye nilimsomesha hadi kidato cha nne kwa mgongo ule ule, alikuwa sasa mfanyabiashara wa mbao. Akanunua kiwanja kinachopakana na cha yule mjane, akaanza kufyatua matofali ya nyumba ya wageni. Matofali yanakunywa maji kuliko ng'ombe.

Mwisho wa kiangazi kimoja Mama Fidesi alikuja kwangu asubuhi. Hakukaa.

"Kaka Melkiori, kisima kimehama."

"Mama, kisima hakihami."

"Basi jiwe."

Nilikwenda kutazama. Jiwe lililokuwa ng'ambo ya kisima sasa lilikuwa upande wake wa huku, limekaa vizuri, na nyasi zimeanza kulishika. Kisima kilikuwa ndani ya kiwanja cha mdogo wangu, kimewekewa mlango wa bati na kufuli. Mchicha ulikuwa umelala. Baba mdogo alikuwa amekwisha kufa zamani, lakini niliisikia sauti yake ikiimba.

Nikavuka kwa Deo.

"Deo, jiwe limehama."

"Shikamoo, kaka. Kwanza karibu, kaa."

"Marahaba. Jiwe limehama."

Akatabasamu. "Si mna mkaa ninyi? Chimba, utafute mkaa."

Hapo ndipo nilijua kwamba anajua, na kwamba mimi ndiye niliyemjulisha.

"Deo, wale ni mjane na yatima."

"Na sisi tulikuwa nani?" Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Nani alitutetea? Wewe ndiye baba yangu, kaka. Baba anamshitaki mwanawe kwa ajili ya Warundi?"

"Fidesi amezaliwa hapa hapa Tabora."

"Na mama yake?"

Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo sikuwahi kulifanya nyumbani kwake.

Mama Fidesi alipolifikisha shauri kwenye baraza la ardhi, Anastazia akapiga simu kutoka Igunga. Alikuwa analia. "Kaka, sisi tuko watatu tu duniani. Nakuomba, usiende huko barazani. Sema umesahau. Umezeeka, nani atakulaumu?"

Kweli, nani angenilaumu? Ramani ya eneo lile ilikuwa haijakamilishwa. Ilikuwa kazi ya awali, mawe yametangulia karatasi. Karatasi ya vipimo haikuonekana. Bwana mpima alishafariki; mimi nikinyamaza, nilidhani, hakuna aliyebaki wa kusema.

Vijana wangu, watu husema Maandiko hufariji. Hufariji, lakini si kila siku. Wiki ile niliisoma Biblia ya mama kama mtu anayepimwa. Niliona jinsi Torati inavyowataja pamoja mgeni, yatima na mjane, tena na tena, kama majina ya watoto wa tumbo moja. Katika nyumba ya Mama Fidesi wote watatu walikuwa chini ya bati moja. Nikafika tena pale kwenye laana na Amina. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na minne nikaisema kwa furaha. Sasa kidole kilisimama kwenye neno lile lile, na uso niliouona ulikuwa wa mtoto niliyembeba, niliyemwambia nimekula kwa rafiki.

Nilielewa pia jambo ambalo nilikuwa nimelisubiri vibaya maisha yote. Nilikuwa nimemsubiri Mtetezi aje kutoka mahali fulani. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba akija atataka kutumia mdomo wangu, na kwamba atautaka siku ambayo unauma. Sikusema Amina kwa sauti. Niliisema kwa kwenda.

Baraza la ardhi la kata lilikutana pale pale kiwanjani. Wakachimba kona ya kwanza: mkaa. Ya pili: mkaa. Ya tatu: mkaa. Watu wakanong'ona kwa furaha kama wanaoona mazingaombwe. Wakachimba ng'ambo ya kisima, mahali Mama Fidesi alipoonyesha. Udongo mtupu. Deo akafungua mikono.

"Waheshimiwa, wapimaji wenyewe wanasema mkaa haudanganyi. Uko wapi?"

Nikasimama. Nikaeleza mvua, kibanda, mfuko. Mwenyekiti akavua miwani.

"Mzee Melkiori, unaliambia baraza hili kwamba mlichemshia chai?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Chai."

"Na ilikuwa tamu, mheshimiwa."

Watu walicheka sana. Kazi yangu yote, jina langu lote la mtu makini, lilipita katika kicheko kile. Nilingoja kitulie, nikasema na lililobaki: kwamba jambo hili niliwasimulia ndugu zangu peke yao, mezani, na kwamba jiwe lilikuwa ng'ambo ya kisima. Hapo hakuna aliyecheka.

Deo alininyooshea kidole. Hakuwa na hasira; alikuwa kama mwanafunzi aliyeshika somo vizuri. "Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Ile Torati yako ikishakataza kuondoa mpaka, mstari unaofuata unasemaje? Shahidi mmoja hatoshi. Wawili, au watatu."

Ilikuwa kweli. Mistari hiyo imefuatana. Nikaketi.

Ndipo bajaji ikasimama barabarani. Mama Fidesi, ambaye sikuwa nimemwona akiondoka, alishuka, akamshika mtu mkono. Alikuwa Mzee Mfaume, ameisha, koti linaning'inia, kofia iko sawasawa. Mimi sikuwa nimemwita kwa sababu alikuwa anaumwa. Lakini mama yule ndiye aliyegawa vikombe siku ile, na hakuwa amesahau ni nani aliyekunywa.

"Chai ile mimi nilikunywa vikombe viwili," Mzee Mfaume akasema baada ya kuketishwa. "Nilimwambia huyu aende akanunue mkaa mwingine. Akakataa, nami nikanyamaza kwa sababu tumbo lilikuwa na joto. Kosa lake ni langu. Jiwe lilikuwa ng'ambo ya kisima, hatua kumi na moja kutoka ukingoni."

"Unakumbukaje hatua, mzee wangu, kwa miaka yote hii?" mwenyekiti akauliza.

"Nilikuwa natafuta mahali pa kujisaidia, mheshimiwa, mbali na maji ya watu. Mshika mnyororo hahesabu kwa kutaka. Miguu inahesabu yenyewe."

Baraza likaamua jiwe lirudi.

Niseme sasa habari za viti, kwa maana mnaweza kudhani mtu akisema kweli watu humbeba mabegani. Jumuiya yetu ndogo husali kila wiki, nyumba kwa nyumba. Zamu yangu ilifika baada ya shauri lile. Nilifagia uwanja, nikatandika mkeka, nikaazima viti sita. Mke wangu alishafariki, kwa hiyo uji wa karanga niliupika mwenyewe. Saa ikafika, ikapita. Deo alikuwa mtoaji mzuri kanisani, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa mbao zake. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alikuwa na mgeni, mwingine na homa. Hata Mama Fidesi hakuja. Nadhani aliogopa kuniongezea maneno.

Niliketi nikitazama viti. Kisha bajaji ikaja.

"Nasikia leo kwako kuna kusoma," Mzee Mfaume akasema.

"Mzee, hiki ni kisomo cha kwetu."

"Mimi si wa kwenu, lakini kiti ni kiti. Soma, nasikiliza."

Nikamsomea Isaka na visima. Jinsi walivyomnyang'anya cha kwanza, akachimba cha pili, wakakinyang'anya, akachimba cha tatu, na hicho hawakukigombania. Mzee Mfaume alifumba macho hadi nikadhani amelala. Nilipomaliza akasema, "Na wewe chimba kingine." Akanywa uji wake, akaomba na wa kuondokea.

Mwaka ule ule tukamzika. Tangu hapo, zamu yangu ikifika, wanakuja wawili watatu, wanasali, wanaaga mapema. Jioni nyingi nasoma kwa sauti, si kwa ajili ya mtu yeyote; ni ili nyumba isikie sauti. Anastazia hupiga Krismasi na Pasaka. Anauliza afya, nami nauliza bei ya mchele.

Lakini nataka kumalizia na siku ya kurudisha jiwe, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishindwe kula juzi.

Walinipa mimi kazi ya kuchimba. Mwenyekiti alikuwepo, Mama Fidesi alikuwepo, na kwa kuwa sheria inataka majirani wote wawili, Deo alikuwepo, amesimama mbali, mikono nyuma. Nilihesabu hatua kumi na moja kutoka ukingoni. Nilichimba hadi mkono ukamezwa kwapani. Nikainuka kuchukua mkaa, nikaona sikuja nao.

Mimi, siku ile, mahali pale. Nilikuwa nimelala vibaya, nikatoka na jembe na timazi, nikausahau mkaa. Mwenyekiti akasema, "Basi weka tu, mzee, tumeshuhudia wote." Mama Fidesi akatazama nyumba yake; alipikia kuni, hakuwa na mkaa. Nikasimama juu ya shimo tupu kwa mara ya pili, na nawaambia kweli, nilitamani liwe langu.

Deo akageuka akaondoka. Nikadhani amechoka kutuona. Akaingia uani kwake. Alipotoka alikuwa amebeba ndoo ya mkaa, imejaa, vipande vikubwa vya mti mgumu. Akavuka mpaka, akaitua miguuni pangu. Nilimtazama. Alikuwa na vumbi jeusi kwenye viganja, kama siku zile nilipokuwa namtuma kuwasha jiko ili Anastazia apate uji.

Nikasema, "Asante, Deo."

Akarudi kwake. Hiyo ni miaka tisa sasa, na sijaisikia sauti yake tena. Tukipishana sokoni anatazama upande wa pili, nami namsalimia hivyo hivyo.

Sijui ile ndoo ilikuwa msamaha au ilikuwa hasira. Nimejiuliza nikiwa kanisani, nimejiuliza nikiwa kitandani. Desturi ni viganja vitatu au vinne. Mimi niliumimina wote, ndoo nzima, hadi ukakaribia kuufikia uso wa ardhi, nikaufunika, nikaushindilia kwa miguu yangu, nikasimika jiwe juu yake.

Uko pale hadi leo. Mkitaka kuuona, chimbeni.